Uzoefu wangu: mji wa Kirumi wa Melite, Malta, usiende kwa haraka

Kama unakwenda Malta na unapenda magofu, nakushauri usinunue ziara ya gari ya nusu siku. Mimi nilinunua. Tulishushwa Rabat (mji wa Malta, si ule wa Morocco) mbele ya Domus Romana, mabaki ya nyumba ya Kirumi ambayo sasa ni makumbusho, tukapewa dakika 30, na mwongozaji akaanza kuhesabu watu hata chumba cha kwanza sijakimaliza. Iliniuma. Kesho yake nikarudi peke yangu kwa basi kutoka Valletta, nikakaa mpaka adhuhuri. Ninayoandika hapa ni ya siku hiyo.

Nyumba hii iligunduliwa 1881 kwa bahati tu, vibarua walipokuwa wakichimba wapande miti. Mwaka uliofuata makumbusho yakafunguliwa papo hapo juu ya sakafu zake. Nenda moja kwa moja kwenye ua wa ndani, ule uliozungukwa na nguzo. Mimi ni mtu wa Lamu, sikuhitaji kuelezwa: hicho ndicho kwetu tunachokiita kiwanda, pale nyumba inapopatia hewa na mwanga. Katikati ya sakafu kuna njiwa wawili kwenye ukingo wa bakuli la maji. Wametengenezwa kwa vijiwe vidogo mno. Nilichuchumaa kwenye kizuizi nikaona manyoya ya shingo yanabadilika rangi kijiwe kwa kijiwe. Humo humo wapo kaisari Claudius na jamaa zake kwa marumaru. Nyumba yenye sanamu za ukoo wa kaisari haikuwa ya mtu wa kawaida.

Ila nyumba moja haithibitishi mji, na hapa ndipo ziara ya haraka inapokunyima uhondo. Nyumba leo iko nje ya kuta za Mdina, mji mdogo wa kale ulio jirani na Rabat, utadhani ilikuwa shambani. Kumbe Mdina ni kipande tu cha Melite. Mji wa Kirumi ulienea hadi ndani ya Rabat ya sasa. Kinachokuonyesha ulipoishia ni makaburi. Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani ya mji, kwa hiyo tembea kidogo kusini hadi mapango ya maziko ya Mtakatifu Paulo: ukifika kwa wafu, ujue mji umeshauacha nyuma. Nenda kwa miguu, utaielewa ramani kuliko kwa maelezo yoyote.

Halafu rudi kwenye nyumba. Miaka ya 1920 Temi Zammit (daktari yule yule aliyegundua 1905 kwamba homa ya Malta huenezwa na maziwa ya mbuzi) alichimba hapo akakuta makaburi ya Waislamu yasiyopungua 245 juu ya magofu, ya karne ya 11 hivi. Sebule ya tajiri imekuwa mava. Maana yake kufikia wakati huo mji ulikuwa umejikunja ndani ya kuta ndogo, na mtaa huu umebaki nje. Hata jina Mdina, ni madina tu, yaani "mji" kwa Kiarabu. Nilisimama pale nikasoma Fatiha.

Usikomee hapo. Panda feri hadi Gozo, kisiwa jirani, kama dakika 25. Mji wa Kirumi wa kisiwa hicho uko chini ya ngome ya Cittadella na mitaa inayoizunguka, na majengo ya kale kuyaona ni shida, kwa sababu watu hawajawahi kuhama. Lakini makumbusho ya akiolojia yaliyomo ngomeni yana kitu kimoja ambacho kwangu kilitosha nauli yote: bamba la marumaru la Kirumi, ambalo karne nyingi baadaye fundi alilichukua akachonga upande wake wa nyuma maandishi ya Kiarabu ya Kikufi, mwandiko wa kale wa herufi za pembe pembe. Ni jiwe la kaburi la Maimuna binti Hassan, aliyefariki 16 Shaaban 569 ya Hijria, yaani Machi 1174.

Kikufi ni kigumu kwa sisi tuliozoea msahafu. Nilisimama muda mrefu, nikifuata mistari kwa kidole hewani, mpaka nikalipata jina: mim, ya, mim, wau, nuni, te marbuta.