Mikopo ya asilimia 10: tathmini ya diwani anayeishi na wakopaji

Huduma ninayoitathmini hapa ni mikopo isiyo na riba inayotolewa na halmashauri zetu nchini Tanzania kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo mitaani huitwa kwa kifupi "asilimia kumi". Ninaitathmini nikiwa diwani wa kata: taarifa zake hupita mbele yangu kwenye Baraza la Madiwani kila robo mwaka, na wakopaji wenyewe hupita uani kwangu karibu kila wiki, wengine wakicheka na wengine wakikwepa kunitazama usoni. Nitangulize maoni yangu: huu ni mkopo bora kuliko mwingine wowote ambao mwanamke wa kata yangu asiye na hati ya nyumba anaweza kuupata, na udhaifu wake mkubwa unajitokeza katika miezi inayofuata baada ya fedha kutoka, wakati hakuna tena anayepita kuuliza mradi unaendeleaje.

Msingi wake ni imara. Tangu mwaka 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inailazimu kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo hii, mgawanyo ukiwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo utengaji ulikuwa unafanyika kwa maelekezo tu, na halmashauri iliyobanwa na matumizi mengine iliweza kuuahirisha bila kuvunja sheria yoyote. Ni muhimu pia kujua fedha hizi zinatoka wapi, kwa sababu hazitoki kwa mfadhili wala kwenye mfuko wa kiongozi. Zinatoka kwenye ushuru wa soko, leseni za biashara, ushuru wa mazao na kodi za vibanda vya stendi. Mama muuza nyanya aliyekatiwa risiti ya ushuru asubuhi ndiye anayemkopesha fundi cherehani wa mtaa wa pili, ingawa wawili hao huenda hawajawahi kukutana.

Ukweli huo husahaulika zaidi siku ya kukabidhi mikopo. Siku hiyo hufungwa turubai, hupangwa viti vya plastiki, muziki hupigwa, na mgeni rasmi hukabidhi mfano wa hundi, ule ubao mkubwa ulioandikwa kiasi cha fedha kwa tarakimu zinazosomeka hata na mtu aliyesimama barabarani. Sina ugomvi na sherehe yenyewe, kwani watu waliohangaika na makaratasi kwa miezi wanastahili kupigiwa makofi. Kinachonisumbua ni maneno yanayosemwa pale. Akina mama husimama kuwashukuru viongozi mmoja mmoja kwa "kutupatia fedha", na sisi viongozi tunazipokea shukrani hizo kana kwamba ni zetu. Mkopo ukishaitwa zawadi ya diwani au ya mbunge, mkopaji hujiona amekwisha kuulipa kwa kura yake. Nimemsikia kwa masikio yangu mwanachama wa kikundi akimwambia mweka hazina aliyekuwa anakusanya marejesho: "Hizi ni hela za uchaguzi, nani atakuja kukudai?" Mweka hazina hakuwa na jibu, na sikushangaa, maana siku ya makabidhiano hakuna aliyewaambia vinginevyo. Tangu hapo, nikipewa kipaza sauti kwenye shughuli hizo, hutaja kwanza soko na stendi zilizochangia fedha, kisha tarehe ya rejesho la kwanza, ndipo naketi.

Kwa upande wa upatikanaji, huduma inaeleweka kwa aliyeielekezwa vizuri na inatisha kwa aliyeisikia vijiweni. Kikundi cha wanawake au cha vijana kinahitaji wanachama wasiopungua 5, katiba, uongozi, akaunti ya benki, andiko fupi la mradi na utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mtu wa kumwona kwanza, na maombi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki kabla ya kujadiliwa na kamati, kuanzia ngazi ya kata hadi halmashauri. Hata hivyo, wengi huanza nyumbani kwangu. Hodi ya kwanza hupigwa watoto wakiwa bado wanakunywa chai ya kwendea shule, na mume wangu amezoea kutoa viti uani bila kuuliza mgeni amefuata nini. Bibi mmoja alikuja na bahasha aliyoifungia kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii karatasi, ukiiwekea sahihi wewe si itafika haraka?"

Nilimweleza kwamba sahihi yangu haiongezi kitu, kwamba anayemhitaji ni afisa maendeleo, na kwamba jina lake lipo salama kama kikundi chake kina mihutasari ya vikao. Aliondoka hajaridhika. Wifi yangu naye alinuna kwa muda mrefu kikundi chake kilipokosa, akiamini kwamba diwani hawezi kushindwa na jambo la nyumbani kwake. Ninayataja haya kwa sababu ni sehemu ya huduma: popote utaratibu usipobandikwa mahali pa wazi, nyumba ya diwani hugeuka dirisha la maombi, na anayefahamiana na diwani huonekana ana nafasi kuliko asiyefahamiana naye, hata kama diwani hajafanya lolote.

Thamani ya mkopo huu huonekana vizuri ukiulinganisha na unaochukuliwa na wale wanaoukosa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwataka wakopeshaji wadogo wawe na leseni na ikavitambua pia vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa kama VICOBA, lakini mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu bado ipo mitaani na bado ina wateja. Mkopeshaji hafuatilii andiko la mradi, hufuata mlango. Rejesho likichelewa, televisheni huondoka, kisha godoro, kisha jiko la gesi, na mara nyingi mume wa nyumba hujua kulikuwa na deni siku anapokuta sebule tupu. Ndoa kadhaa nilizowahi kuitwa kusuluhisha katika kata yangu zilikuwa na daftari la kausha damu nyuma yake. Mkopo usio na riba, anaoutambua mtendaji na wanaouona wanachama wenzake, humwondolea mwanamke ile aibu ya kukopa kwa siri, na kwangu faida hiyo ina uzito sawa na faida ya kutolipa riba.

Nilipoipunguzia alama huduma hii ni kwenye majira. Vijana wa kikundi kimoja waliomba fedha za mbegu bora na mbolea ya kupandia, na andiko lao lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoyaona, likiwa na ukubwa wa shamba, gharama za trekta na mnunuzi waliyekwishazungumza naye. Fedha zilipoingia kwenye akaunti, mahindi ya majirani yalikuwa yamefika kiunoni. Wakabaki na mkataba unaowataka wanunue mbegu ambazo zingepandwa nje ya msimu, na wakati huohuo hesabu ya marejesho ilikuwa imeanza. Baada ya kushauriana na afisa maendeleo, waliomba kwa maandishi kubadili matumizi, wakanunua pampu na mipira ya maji, wakalima mboga bondeni. Waliokoka kwa sababu waliomba ruhusa. Kikundi kingine kingegawana fedha na kunyamaza. Chanzo cha ucheleweshaji kinaeleweka, kwa kuwa halmashauri inayotegemea ushuru wa mazao hupata fedha baada ya mavuno, wakati mkulima anazihitaji kabla ya mvua. Bado sioni kwa nini maombi ya kilimo yasipangwe kwa kalenda ya kilimo, yakapewa fedha zilizokusanywa katika msimu uliotangulia, huku maombi ya ushonaji, usindikaji na bodaboda, ambayo hayasubiri mvua, yakifuata baadaye.

Kuhusu marejesho, taifa zima lilipewa somo Aprili 2023, utoaji wa mikopo hii uliposimamishwa baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ulirejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya: halmashauri 10, zikiwamo za majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, zilichaguliwa kuanza majaribio ya kutumia benki, na nyingine ziliendelea na utaratibu ulioboreshwa wa kamati. Kipindi cha kusimama kiliwaumiza watu wasiohusika kabisa. Vikundi vilivyokuwa vimelipa mpaka senti ya mwisho, vikisubiri awamu ya pili ili kupanua biashara, viliambiwa vingoje pamoja na wadaiwa sugu, na baadhi ya wanachama wake nikawaona wakirudi kwa kausha damu.

Kikundi hewa hakihitaji mpelelezi kukitambua. Omba daftari la mahudhurio. Kwenye kikundi cha kweli utakuta wino wa rangi mbalimbali, karatasi iliyomwagikiwa chai, jina lililokatwa kwa sababu mwenyewe alijitoa, dole gumba la mama asiyejua kuandika, na faini ya mchelewaji iliyoandikwa pembeni. Kwenye kikundi cha kughushi, vikao vya mwaka mzima vimeandikwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, hakuna aliyechelewa, hakuna aliyefiwa, hakuna aliyegombana. Afisa maendeleo anayetembelea vikundi hulitambua hilo kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba afisa huyo mara nyingi ni mmoja kwa kata nzima, hana pikipiki, na ana kazi nyingine zisizo na idadi, kuanzia migogoro ya familia hadi maandalizi ya ziara za viongozi. Halmashauri inayotenga fedha za kukopesha bila kutenga za mafuta ya kumfikisha afisa kwa wakopaji inajitengenezea hasara yenyewe, na hoja hii nimeisema barazani mara nyingi kiasi kwamba wenzangu hutabasamu nikisimama.

Ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu inastahili kusemwa peke yake. Kanuni zinaruhusu kikundi cha watu wachache zaidi, na hata mtu mmoja kukopeshwa, jambo ambalo ni la busara, kwani kumtaka mtu asiyeona atafute wenzake mtaa kwa mtaa ni kumfungia mlango. Ila taarifa hii haiwafikii walengwa. Tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata halimfikii asiyeona, na lililotangazwa kwa gari la matangazo halimfikii kiziwi. Katika kata yetu, wenyeviti wa mitaa walipita nyumba kwa nyumba, na ndipo tukampata fundi viatu mwenye ulemavu wa miguu, mtu aliyefanya kazi chini ya mwembe uleule miaka yote bila kujua kwamba anaruhusiwa kuomba. Alikopa akanunua cherehani ya ngozi na mabati ya kibanda. Analipa kwa wakati, na stakabadhi zake amezitoboa na kuzining'iniza kwenye msumari juu ya meza yake ya kazi, ya karibuni ikiwa mbele.

Kwa anayefikiria kuomba, ushauri wangu ni kwamba kikundi kiwe kimewahi kufanya jambo pamoja kabla ya mkopo, hata kama ni kuchangiana hisa ndogo kila wiki, kwa sababu dhamana ya mkopo huu ni wanachama wenyewe, na mmoja akihama mji waliobaki hubebeshwa mzigo wake. Andiko liwe la biashara ambayo angalau wawili kati yenu mmekwisha kuifanya kwa mikono yenu. Asiyetaka kudaiwa pamoja na wenzake atafute huduma nyingine, maana hii haitamfaa.

Kwa upande wa baraza, hoja ninayoiandaa kwa kikao kijacho inaomba orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, kiasi kilichotoka na kiasi kilichorejeshwa vibandikwe kila robo mwaka kwenye ofisi za kata, mitaa na vijiji na kusomwa kwenye mikutano ya hadhara, bila kuruka kikundi chochote, kikiwamo kile cha wifi yangu iwapo kitapata katika awamu inayofuata. Afisa maendeleo wetu tayari ameandaa jedwali la mfano kwa ajili ya vikundi vya kata hii, na wenyeviti wa mitaa wamekubali kulisoma.