Troy: Hector aliyenyang'anywa hofu yake

Nafundisha fasihi kidato cha tano hapa Tanga, na tukifika kwenye tendi huwaonyesha wanafunzi vipande vya Troy, filamu ya Wolfgang Petersen ya mwaka 2004 iliyotokana na Iliad, utenzi wa Mgiriki Homer kuhusu vita vya Wagiriki na mji wa Troy. Naipenda. Brad Pitt, anayeigiza Achilles, shujaa wa Wagiriki, akiruka juu na kumshindilia upanga lile jitu la Thessaly, darasa zima hupiga makofi, nami pia. Lakini kuna jambo filamu hii imemtendea Hector, mwana wa mfalme wa Troy, ambalo limenikaa kooni.

Mengine nayavumilia. Vita vya miaka kumi vimefupishwa vikawa vya majuma machache. Patroclus, ambaye kwa Homer ni mwenzi wa kufa na kuzikana wa Achilles, amekuwa binamu mdogo anayefundishwa kushika upanga. Menelaus, mume wa yule Helen aliyechukuliwa na Paris wa Troy, anauawa na Hector, ilhali katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, tunamkuta Sparta, ametulia na Helen wake. Miungu imefagiliwa yote isipokuwa Thetis, mamake Achilles, naye ni mama tu anayeokota makombe ufukweni. Achilles mwenyewe amelainishwa: vijana 12 wa Troy aliowachinja kwenye maziko ya Patroclus hawamo, na mwisho anakufa baada ya kumtafuta Briseis, mateka aliyempenda, katika mji unaoungua. Hasira iliyoubeba utenzi mzima imegeuzwa mapenzi. Watazamaji wa sinema wanataka mapenzi, sawa.

Ila Hector! Eric Bana ndiye mwigizaji bora humo ukimtoa aliyeigiza Priam, mfalme babaye. Ana macho ya mtu aliyechoka kubeba makosa ya ndugu zake. Achilles anapofika kumwita kwa jina alipize kifo cha Patroclus, anamuaga mkewe Andromache na mtoto, anatoka, anasimama. Pambano limepangwa vizuri mno, kila pigo unaliona limetoka wapi. Hana doa hata moja.

Sasa fungua kitabu cha 22 cha Iliad. Hector amebaki peke yake nje ya lango. Baba na mama wanamlilia kutoka juu ya ukuta aingie ndani. Anaona aibu: alikataa shauri la kulirudisha jeshi mjini mapema, na watu wengi wamekufa kwa ukaidi wake. Anawaza hata kuweka silaha chini na kuomba suluhu. Halafu Achilles anakaribia, shaba inamng'aa mwilini, na Hector anakimbia. Anauzunguka mji mara tatu, akipita kwenye mabirika ya mawe ambako wanawake wa Troy walifulia nguo siku za amani. Anakuja kusimama pale tu mungu wa kike Athena anapomdanganya kwa sura ya nduguye Deiphobus. Anatupa mkuki, unadunda kwenye ngao. Anageuka kumwomba nduguye mkuki mwingine, na nduguye hayupo. Hapo anajua. Ndipo anachomoa upanga na kumwendea Achilles.

"Mwalimu, shujaa gani anakimbia?" Huulizwa kila mwaka. Huyuhuyu, nawajibu. Mtu aliyeogopa mpaka akatimua mbio, kisha akaenda mbele wakati keshajua amekwisha, ananiliza kuliko Bana asiyetetereka. Filamu imemwondolea woga ikidhani inamkuza, imempunguza.

Haki yake niipe mahali pamoja. Priam wa Peter O'Toole anaingia usiku hemani kwa Achilles na kuibusu mikono iliyomuua mwanawe. Hapa filamu imemwachia Homer aseme, na kwa dakika hizo chache ningeitazama tena yote. Nimependa pia ujanja wa mwisho: Achilles anapigwa mshale wa kisigino, kisha mingine kifuani, ile ya kifuani anaichomoa, na wanaomkuta wanaona mmoja tu. Hekaya ya kisigino, ambayo haimo katika Iliad, inazaliwa mbele ya macho yetu. Wanafunzi hapo humtaja mara moja Fumo Liyongo na sindano ya shaba kitovuni.

Yapo matoleo mawili: la sinemani lenye dakika 163, na la mwongozaji lenye dakika 196. Nawashauri hilo refu, maana wahusika wanapata nafasi ya kupumua na vita vinatisha inavyopasa. Ila uporaji wa mji umeonyeshwa bila kificho, kwa hiyo msilitazame na watoto. Darasani mimi hutumia lile fupi.