Cheti Kutoka Gaydon: Kuitafutia Asili MGB ya Mwaka 1963

Gari langu ni MGB ya mwaka 1963, gari la spoti la Kiingereza la chapa ya MG, lenye viti viwili na turubai ya kukunjwa, ambalo nililinunua Nakuru likiwa jekundu, likiwa na kitabu cha gari kilichochakaa pembe zote, na likiwa limeambatanishwa na faili la kurasa kumi na mbili lililosimulia maisha yake yote. Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya vyeti vya kumbukumbu za kiwandani vinavyotolewa na British Motor Industry Heritage Trust, taasisi yenye jumba la makumbusho la British Motor Museum huko Gaydon, Uingereza. Nimeamua kuandika habari zake kwa kirefu kwa sababu karatasi moja iliyotoka huko ndiyo iliyolivua nguo lile faili.

Faili hilo lilikuwa limetayarishwa na mtu anayejitangaza mtandaoni kuwa mtafiti wa historia ya magari ya kale, na jina lake nitalihifadhi. Marehemu mume wa mama aliyeniuzia gari alimlipa fedha nzuri, nami nikazilipa tena ndani ya bei ya gari. Kwa mujibu wa faili, gari lilitoka kiwandani likiwa jekundu, liliagizwa moja kwa moja na wakala wa magari wa Nairobi, na injini iliyomo ndiyo iliyozaliwa nalo. Kila mwaka ulikuwa na habari yake, kila mmiliki alikuwa na jina na kazi, na hapakuwa na pengo hata moja. Hilo la kukosa pengo ndilo lililopaswa kunishtua, maana hata nasaba za koo zetu, zinazokaririwa na wazee tangu utotoni, huwa zina mahali ambapo msimuliaji husita.

Namna huduma ya Gaydon inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. MGB zilitengenezwa katika kiwanda cha Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni kwa jumla, na kila gari lilipokamilika liliandikwa katika kumbukumbu za uzalishaji. Kumbukumbu hizo zimehifadhiwa, na mhifadhi wa nyaraka hunakili yale yaliyoandikwa kuhusu gari lako kwenye cheti rasmi. Mwombaji hutoa namba ya chesisi, yaani namba ya utambulisho wa gari, huithibitisha, hulipa, kisha husubiri. Kwa hesabu yangu, nilitumia fedha pungufu ya bei ya jozi ya matairi mapya ya gari lenyewe, na ni vizuri mtu azipime hivyo, kwa matairi, maana wenye magari haya tumezoea kumwaga fedha kwenye vitu visivyotueleza lolote.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuisoma hiyo namba. Kibati chake kiko ndani ya chumba cha injini, na changu kilikuwa kimepigwa rangi nyekundu pamoja na riveti zake. Fundi wangu, mzee aliyeanza kushika spana za magari ya Kiingereza kabla sijazaliwa, alinikataza kabisa kutumia brashi ya waya. Alilowesha kitambaa cha fulana kwa mafuta ya taa, akakibandika juu ya kibati, akaniambia tukanywe chai. Tuliporudi alisugua taratibu kwa ukucha wa kidole gumba, na herufi zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine: G, H, N, kisha tarakimu 3, kisha namba yenyewe. Wanaoyajua magari haya husoma herufi hizo kama anwani. G ni MG, H ni kundi la ukubwa wa injini kati ya sentimita za ujazo 1400 na 1999, N ni gari la wazi la viti viwili, na 3 ni toleo la kwanza la MGB. Laiti ningeona D mahali pa N, lingekuwa GT, lile lenye paa la bati lililoanza kuuzwa 1965, na gari langu lisilo na paa lingekuwa na maswali mazito zaidi ya kujibu.

Cheti kilipofika kilikuwa ukurasa mmoja tu. Kilitaja namba ya gari, namba ya injini, namba ya bodi, tarehe ya kukamilika mwezi Mei 1963, tarehe ya kuondoka kiwandani siku chache baadaye, rangi ya nje, rangi ya viti, na vifaa vya ziada vilivyoagizwa. Nilikisoma nikiwa nimesimama getini na bahasha mkononi. Rangi ya nje: Iris Blue, buluu mpauko. Viti: vyeusi. Injini: aina ya 18G.

Tuanze na injini, kwa kuwa hapo ndipo cheti kinapolipa gharama yake yote. MGB za mwanzo zilikuwa na injini hiyo ya 18G, ya sentimita za ujazo 1798, ambayo krenki yake, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ilishikiliwa na beringi kuu tatu. Mwishoni mwa 1964 kiwanda kilileta injini yenye beringi tano, imara zaidi na yenye mtetemo mdogo, na injini hiyo iliandikwa 18GB. Kibati kilichoko ubavuni mwa bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ya gari langu kinasema 18GB. Basi gari lililokamilika Mei 1963 limebeba injini ambayo wakati huo haikuwa imeanza kufungwa kwenye gari lolote. Mwandishi wa faili hakuwa na haja ya kwenda Uingereza kuligundua hilo. Ilimtosha kufungua boneti na kuinama. Kwa mwendeshaji ubadilishaji huo ni neema, kwani hata mimi nikipanda mteremko wa Limuru naishukuru kila moja ya zile beringi tano, lakini kwa mnunuzi anayelipia gari lenye injini yake ya asili, tofauti ni ya fedha nyingi.

Kuhusu rangi, fundi hakukiamini cheti hadi alipojionea mwenyewe. Alifungua buti, akachagua mahali palipojificha nyuma ya bawaba, akapasugua kwa msasa laini uliolowana. Nyekundu ilitoka kwanza, ikafuata nyeupe iliyokwaruzwa, kisha buluu ikachungulia, ndogo kama kucha ya mtoto.

“Mwanangu,” alisema, “hili gari limevishwa kanzu mbili juu ya ngozi yake.”

Wiki iliyofuata, alipokuwa akiusugua mfuniko wa buti kwa nje, alinipigia simu niende upesi. Chini ya ile nyeupe palionekana kovu la umbo la yai, na ndani yake kivuli cha herufi mbili, GB. Ni alama iliyobandikwa nyuma ya magari ya Uingereza yaliyotumiwa nje ya nchi hiyo, na ilinirudisha kwenye mstari wa cheti ambao nilikuwa nimeusoma bila kuuelewa. Mstari huo ulisema gari liliuzwa chini ya utaratibu wa mteja binafsi anayelisafirisha mwenyewe kwenda nje. Chini ya utaratibu huo, mtu aliyekuwa anaondoka Uingereza aliweza kununua gari jipya bila kulipa kodi ya mauzo, akaliendesha huko kwa muda uliowekwa, kisha akalipakia melini. Watumishi wa serikali ya kikoloni waliokwenda likizo walikuwa miongoni mwa walionufaika nao. Hivyo habari ya wakala wa Nairobi nayo ikaanguka.

Kuna jambo dogo kwenye orodha ya vifaa ambalo nimelipenda kuliko yote. Gari liliagizwa pamoja na hita. Katika MGB za miaka hiyo hita ilikuwa kifaa cha ziada, cha kulipiwa mbali. Mtu anayejiandaa kuja kuishi Afrika Mashariki anatoa fedha kwa ajili ya hita! Niliwasomea nyumbani, wakacheka. Lakini ukiweka hita pamoja na ile alama ya GB, unamwona mtu aliyetarajia kuliendesha gari lake Uingereza kwenye baridi kabla ya safari, au pengine aliyejua kwamba kazi yake ingempeleka Molo penye baridi na si Mombasa.

Jina la mtu huyo cheti hakikulitaja, na ni haki wasomaji walielewe hilo kabla ya kulipa. Kumbukumbu za kiwanda zinaishia kwenye lango la kiwanda. Wamiliki waliofuata, ajali, bandari gari liliposhushwa, gereji lilikolala miaka kumi, vyote hivyo haviko Gaydon. Pia cheti hakithibitishi kwamba chuma kilichosimama uani kwako ndicho kilichoandikwa katika daftari; kibati kinaweza kung'olewa kwenye gari moja na kupigiliwa kwenye lingine, na kazi ya kulinganisha namba, bodi na rangi ya chini inabaki kuwa yako na fundi wako. Aidha, huduma hii ina mipaka ya aina za magari. Inafaa kwa MG, Triumph, Austin-Healey na jamaa zao, ilhali mwenye Jaguar ana taasisi nyingine ya kumbukumbu ya kuiendea, na mwenye Porsche ataelekea kwa kampuni yenyewe.

Magari yaliyotukuka hayana shida hii. Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller inajulikana ilipo hadi leo: Nissan wanaihifadhi Japani, katika ghala lao la Zama, na mwaka 2013 waliifufua ikatembea tena. Gari la mtumishi asiye na jina halikuwekewa ghala na mtu yeyote. Maisha yake ya huku nimeyakusanya kidogo kidogo, kutoka kwenye mihuri ya kitabu cha gari inayosomeka nusu, kwa wazee wanaokutana kila mwaka kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, na kwa mjane aliyeniuzia, mama mwenye kumbukumbu kali kuliko faili alilolilipia marehemu mumewe. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba walilipata likiwa jeupe. Kati ya ile buluu ya 1963 na weupe anaoukumbuka, sina kitu, na katika faili jipya ninaloliandika nimeacha kurasa hizo tupu.

Kama natoa alama, basi cheti cha Gaydon nakipa tisa kwa kumi, na ile moja naizuia kwa sababu ya lugha yake ya mkato inayomtaka msomaji awe tayari anajua maana ya kila istilahi. Mtu anayetaka kununua MGB popote hapa kwetu na aagize cheti kabla ya kukubaliana bei, na akipewa faili nene, alisome baada ya cheti.

Namba ya injini ya asili, ile ya 18G, fundi ameiandika kwa chaki ukutani, juu ya meza anayofungulia injini. Kila anayekuja kuuza vyuma vya zamani huulizwa kwanza alivitoa wapi, kisha huonyeshwa ukuta. Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Eldoret aliyesema babake ana bloku ya MG inayozuia mlango wa ghala la mahindi. Nimemtumia nauli akakisome kibati chake, na nimemwambia asisahau mafuta ya taa.