TAHADHARI: Rangi "orijino" ya kontena na brashi za kolinski, wachongaji tuwe macho

Ndugu zangu wachongaji wa Mwenge, na nyie mnaoagiza mzigo Kariakoo kwa simu, nimepigwa. Naandika haraka kwa sababu jamaa aliyeniuzia bado yuko kazini.

Nilikuwa na oda ya kanga arobaini wa mjakaranda. Kazi ya kanga mnaijua: mwili mweusi kwanza, ukikauka ndiyo unashuka na nukta nyeupe, mamia kwa ndege mmoja. Jamaa akarusha picha kwenye grupu letu la WhatsApp: rangi ya mafuta, lebo ya kampuni kubwa, karibu nusu ya bei ya dukani, "mzigo unaisha leo". Na seti ya brashi sita anazoziita kolinski. Sharti lake: ukifungua kopo umenunua. Hapo ndipo ningeshtuka.

Siku ya tatu rangi bado inanata. Nikamshika kanga mmoja mgongoni, alama ya dole gumba ikabaki pale pale, mistari yote inahesabika. Nukta nyeupe zikavujia kwenye weusi zikawa kijivu, utadhani ndege wamemwagiwa majivu. Kunusa kopo: mafuta ya taa. Rangi imechakachuliwa ikarudishwa kwenye kopo halali. Ukingo wa mfuniko una mikwaruzo ya bisibisi, na ndani ya mfereji wake kuna mabaki makavu ya rangi ya bluu. Kopo la rangi nyeusi, jamani!

Brashi nazo. Kolinski ya kweli ni manyoya ya mkia wa mnyama wa Siberia, wa jamii ya kicheche, na bei yake inauma. Seti nzima haiwezi kuuzwa kwa bei ya chipsi kuku. Nilichomoa unywele mmoja nikauchoma kwa kiberiti. Wa mnyama hunuka kama nywele zinazoungua, ukaacha jivu linalosagika. Wangu uliyeyuka ukawa kishanga cha plastiki. Nailoni haina ubaya, kwa rangi ya maji mimi mwenyewe naipenda, ila niuzie kama nailoni. Ukiwa dukani omba maji, lowesha, kung'uta mara moja. Ncha ikichongoka, sawa. Ikichanua kama ufagio, mrudishie.

Wa akriliki za tyubu, tafuteni namba ya pigmenti (ule unga unaotoa rangi) kwenye lebo. Nyeupe ya titani, kwa mfano, huandikwa PW6. Isipokuwepo, usikubali kulipa bei ya rangi za wasanii.

Nilimpigia. Akanijibu, "Kaka, si nilikwambia ukifungua umenunua?" Kisha akaniblok. Juzi kaibuka kwenye grupu la wenzetu wa Bagamoyo kwa namba mpya na picha ya ua, maneno yale yale.

Kanga ishirini na saba nimeshawapiga msasa upya. Kopo na ujumbe wa malipo ninavyo, Jumatatu naenda navyo FCC, Tume ya Ushindani. Kama na wewe umeumizwa, usitupe kopo. Njoo inbox twende pamoja.