Kisanduku cha dawa cha siku saba: miezi minane na mama yangu

Mama ana presha na sukari. Anaishi Tanga na mdogo wangu, mimi niko Dar. Asubuhi anameza amlodipini, metformini, aspirini ndogo ya miligramu 75 na kidonge cha kupunguza maji mwilini, ambacho yeye anakiita "cha mkojo". Usiku metformini tena, baada ya kula, maana tumbo likiwa tupu inamsokota.

Tulianza na alamu ya simu. Inalia yuko jikoni anageuza vitumbua, anaizima kwa kidole cha mafuta, anaendelea. Nusu saa baadaye hajui kama alikunywa dawa au alizima simu tu. Siku nyingine anaona heri anywe tena, siku nyingine anaona heri aache.

Nikamnunulia Kariakoo kisanduku cha plastiki, shilingi 7,000. Kina vyumba 14: safu ya juu ina picha ya jua, ya chini ina mwezi. Betri hakina, hakilii, hakitumi ujumbe. Mdogo wangu anakijaza mara moja kwa wiki, ameweka mbele yake zile bahasha za duka la dawa zilizoandikwa 1x1 na 1x2.

Herufi za siku zilikuwa za Kiingereza, S mbili na T mbili. Nikazikwangua niandike za kwetu, kumbe za kwetu ndiyo balaa zaidi: siku tano zinaanza na J. Mwisho nikaandika Mosi, Pili, Tatu, Nne, Tano, Alh, Iju. Mama akafurahi kwamba angalau wiki inaanza Jumamosi.

Jumapili ya kwanza mdogo wangu akanipigia kwa wasiwasi. Mwezi wa Mosi umejaa, mwezi wa Pili mtupu, na ndiyo kwanza saa mbili asubuhi. Tukadhani mama ameshachanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Kwake jua la Jumamosi likishazama, huo ni usiku wa Jumapili. Ndivyo walivyomlea, na ndivyo anavyouhesabu usiku wa Ijumaa pia. Aliyetengeneza kisanduku hakuwaza watu wa pwani. Hatukubishana naye. Kinajazwa Ijumaa alasiri, na mwezi unatangulia jua.

Faida yake hasa niliiona mwezi wa tatu. Mdogo wangu alianza kukuta kidonge kimoja kimebaki peke yake, kile cheupe cha mkojo, karibu kila Mosi na Pili. Vingine vimenywewa vyote. Nikamuuliza mama kwenye simu, hakuficha: "Mwanangu, siku ya shughuli siinywi hiyo. Nikae harusini naulizia choo cha watu?" Kumbe muda wote ule presha ikionekana juu kliniki wanamwongezea dawa, na hakuna aliyemuuliza, sisi wanawe tukiwa wa kwanza. Bila kisanduku nisingejua, kwa sababu ukimuuliza mama kama amekunywa dawa, jibu ni "nimekunywa", na kwa hesabu yake vitatu kati ya vinne ni kunywa. Kliniki iliyofuata tukaenda nacho. Daktari akakitazama, akacheka, akamwambia siku za shughuli akinywe mchana akisharudi nyumbani, ila asikiache.

Kasoro zipo. Vifuniko ni vigumu kwa vidole vya mtu mzima. Anavifungua kwa mpini wa kijiko, na cha Alh kimeshang'oka, kimefungwa plasta. Havizibi vizuri pia. Wakati wa masika aspirini ilianza kunuka siki, na mfamasia akatueleza kuwa ni unyevu umeiharibu. Tuliitupa, na sasa aspirini inabaki kwenye pakti yake mpaka asubuhi ya kumezwa. Halafu mtoto mdogo anakiona kama kopo la pipi. Kwetu kinakaa juu ya kabati, na mjukuu ameshakemewa mara mbili.

Nakipa nyota nne. Kikivunjika nitatafuta chenye siku zinazochomoka mojamoja, maana mama akienda Pangani kulala siku mbili analazimika kubeba wiki nzima kwenye mkoba, na plasta yake.