Mashine ya kunyolea ya chuma kwa miguu na makwapa: uzoefu wangu

Kama kila ukinyoa miguu unapata vipele vyeusi, na makwapa yanaanza kuwasha kabla ya jioni, usikimbilie kulaumu ngozi yako. Mimi nimehamia kwenye mashine ya chuma, ile ya kizamani ambayo unafungua kichwa na kuweka wembe mmoja wa makali mawili. Zile za plastiki zenye nyembe tano sizirudii.

Niliinunua kwa shilingi 1,500 katika duka la vipodozi huko Dubois Road, katikati ya Nairobi. Muuzaji aliitazama, akanitazama. "Madam, hiyo ni ya wazee wa ndevu." Pesa akapokea lakini. Nyembe zake ni hizi hizi za Nacet na wenzake zinazopatikana kwa duka la mtaani, zile ambazo mama alikuwa akifumulia mishono ya sare za shule. Pakiti nzima ni nafuu kuliko kichwa kimoja cha plastiki cha kubadilisha.

Sababu ya vipele ni hii. Nywele za wengi wetu zimejikunja, hata zikiwa bado ndani ya ngozi. Wembe wa kwanza kwenye mashine ya nyembe nyingi huvuta unywele, na unaofuata huukata chini ya usawa wa ngozi. Ukipapasa mguu, raha tupu. Lakini unywele ukianza kuota, ncha yake imechongoka, inajipinda na kuchoma ngozi. Mwili nao unaishambulia kama mwiba, panavimba, panabaki doa. Wembe mmoja haukati kwa kina hivyo. Nakiri mguu hauwi laini sana, ukipapasa kuelekea juu unahisi mkwaruzo kidogo. Mimi nachagua mkwaruzo.

Mwezi wa Julai wa Nairobi una shida yake, baridi: ukivua nguo bafuni malaika yanasimama, na kunyoa ngozi iliyosisimka ni kujikata tu. Kwa hiyo naoga kwanza kwa maji ya moto, nakaa humo hadi nywele zilainike, ndipo nashika mashine. Badala ya sabuni ya kipande, ambayo hunikausha, napaka kondishena ya nywele ya bei rahisi. Nalaza kichwa cha mashine kwenye ngozi, kisha nashusha mpini taratibu mpaka wembe uguse, kama nyuzi 30 hivi. Baada ya hapo uzito wa chuma ndio unaofanya kazi. Ukikandamiza, damu. Navuta mashine kwa vipande vifupi nikifuata nywele zinavyolala, na mahali nilipopita sipitii tena bila kupaka kondishena upya. Goti nalikunja kidogo ili ngozi ikazike. Kwenye kifundo cha mguu naenda polepole kweli kweli.

Kwapa lina utundu wake. Nywele za juu huelekea juu, za chini huelekea chini, zingine pembeni, kwa hiyo kupitisha mara moja kutoka juu hadi chini hakufai. Inua mkono, vuta ngozi, nyoa kila upande peke yake. Nanyoa usiku, ili deodoranti isikutane na ngozi mbichi hadi asubuhi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni maji. Mtaani kwetu kuna mgao, na mara nyingi naoga kwa beseni. Mashine za nyembe nyingi hujaa nywele katikati, na bila mfereji wenye nguvu hazisafishiki. Hii naichovya kwenye kikombe, naitikisa, basi.

Nikimaliza: maji baridi, taulo ya kugusisha bila kusugua, na losheni isiyo na manukato. Spiriti sipaki, inakausha na kuchoma bure. Vipele vya zamani nilivipaka losheni ya asidi ya salisiliki kutoka kwa duka la dawa, na sikupitisha wembe juu yake hadi vilipotulia.

Kasoro zipo. Ni ya polepole, haimfai mtu anayekimbilia matatu ya saa kumi na mbili. Sehemu za siri siigusishi kabisa. Huko natumia mashine ndogo ya betri inayopunguza nywele bila kufika kwenye ngozi, na nashauri hivyo hivyo. Ukisafiri kwa ndege, nyembe haziruhusiwi kwenye mkoba wa mkononi. Na wembe haukopeshwi hata kwa dada wa tumbo moja, maana hepataitisi B hupitia damu kidogo tu. Nyembe zilizoisha makali natia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko na kulifunga kwa selotepu, kwa sababu vijana wanaozoa taka mtaani kwetu hupekua mifuko kwa mikono mitupu.

Alama yangu ni 8 kwa 10.