Baiskeli ya umeme ilinipandisha kilima, fundi wake akaniteremsha

Usinunue baiskeli ya umeme. Naliandika hilo mwanzoni kwa sababu hasira bado zimenijaa, na nikisubiri zipoe nitaanza kuisifu, maana baiskeli yenyewe ni nzuri kupita maelezo. Wanaonikera ni watu walioniuzia, na hasa kijana mmoja aliyekaa nyuma ya meza ya karakana yao akanitaka ninunue betri mpya, bila hata kuinama kuitazama baiskeli niliyomletea.

Nilikuwa nimefika pale nikiisukuma. Ilinikatia msaada wa mota katikati ya kilima. Taa zilikuwa zinawaka, skrini inawaka, betri inaonyesha vijiti vinne kati ya vitano, lakini mota kimya kabisa. Kwenye skrini kulitokea namba ya hitilafu. Nikafungua kijitabu nilichopewa siku ya kununua, nikaitafuta namba hiyo, nikaikuta, na maelezo yake yote yalikuwa maneno matatu: wasiliana na muuzaji. Hawakuandika maana yake, wala pa kuanzia kutazama. Wewe uliyeilipia hutakiwi kujua.

Basi nikawasiliana na muuzaji kwa miguu. Baiskeli ya kawaida ikikuharibikia njiani unaibeba begani ukitaka. Hii ina kilo 20 na ushei, na uzito wa ziada uko kwenye betri na mota, vitu viwili ambavyo saa ile havikuwa na faida yoyote kwangu. Nilijaribu kuipanda bila umeme. Kwenye tambarare inakwenda, na kwenye mteremko hujui tofauti. Kwenye mpandio miguu inawaka moto na goti langu la kulia, ambalo ndilo lililonifanya niinunue, lilianza kulalamika palepale.

Nimefika, jasho linanitiririka, nimesalimia. Kijana hakuitikia. Alikuwa na simu mkononi.

"Mzee, hiyo betri imekufa."

Nikamwambia betri inaonyesha karibu kujaa.

"Vijiti hivyo vinadanganya."

Nikamwomba aipime. Betri yangu ni ya volti 36, na betri ya namna hiyo ikijaa inasoma karibu volti 42. Kuipima kunahitaji mita ya kawaida ya fundi umeme na muda usiozidi dakika. Mita ilikuwepo mezani, kando ya kiwiko chake. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Hapa hatupimi betri. Tunabadilisha."

Halafu akaniuliza kama nimeiosha kwa maji ya presha. Nikamjibu kwamba sijawahi, huwa naifuta kwa kitambaa kibichi. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie, akasema: "Wote mnasema hivyo." Akaandika kwenye fomu kwamba maji yameingia, na kwamba kwa hiyo dhamana haihusiki. Aliandika hivyo baiskeli ikiwa imesimama kwenye stendi yake nje ya mlango, hajaigusa, hajaizungusha gurudumu, hajasoma hata ile namba ya hitilafu.

Nimesema mengi moyoni tangu siku ile kuhusu neno "wote". Nina umri wa kuwa baba yake. Nimeingia pale na risiti na fomu ya dhamana mkononi, nimeongea kwa adabu, na nikaitwa mwongo pamoja na wateja wengine wasiokuwepo. Na betri si kitu kidogo. Kwenye baiskeli hizi betri ndiyo moja ya vipuri vya bei ya juu kabisa. Kumwambia mtu anunue nyingine bila kuipima aliyonayo ni dhuluma, hata ukilisema kwa upole, na yeye hakulisema kwa upole.

Nikaisukuma tena mpaka kwa fundi wangu wa siku zote, ambaye kazi yake ni baiskeli za kawaida: kuziba pancha, kunyoosha rimu, kubadilisha cheni na gololi. Akaniambia waziwazi, "Kaka, mambo ya umeme mimi si fani yangu, lakini hebu tuitazame." Akaipindua ikasimama kwa siti na usukani. Akazungusha gurudumu la nyuma polepole, akiangalia spoku moja moja kama anavyofanya siku zote. Akasimamisha gurudumu.

"Hiki kidude hapa kazi yake nini?"

Ilikuwa sumaku, ndogo, imefungwa kwenye spoku kwa skrubu moja. Ilikuwa imelegea na kuteleza kuelekea katikati ya gurudumu, mbali na kihisi kilichofungwa kwenye fremu. Akairudisha mahali ambapo ingepita mbele ya kihisi, akaikaza kwa bisibisi, akanipa niwashe. Namba ya hitilafu ikafutika. Nikakanyaga pedali, mota ikaitika. Alinitoza pesa ya kukaza skrubu.

Ngoja nieleze sumaku ile inafanya nini, kwa sababu bila kujua hilo huwezi kuelewa kwa nini damu inanichemka. Kila gurudumu likizunguka, sumaku inapita mbele ya kihisi, na kontrola, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza mota, inahesabu. Hivyo ndivyo baiskeli inavyojua mwendo wake. Na ni lazima ijue, kwa sababu sheria za nchi nyingi zinataka mota iache kusaidia ukifika mwendo fulani. Katika Umoja wa Ulaya ni kilomita 25 kwa saa. Marekani ni takriban kilomita 32 au 45 kwa saa, kutegemea daraja la baiskeli. Kontrola isipoisikia sumaku haijui kama umesimama au unakimbia, kwa hiyo inakata msaada. Waliobuni hilo walifikiri vizuri, sina ugomvi nao. Lakini kosa la sumaku kuteleza ni la kawaida kwenye baiskeli zinazotumia mfumo huo, na fundi wa karakana yao alipaswa kulitazama kabla ya kutaja betri. Bisibisi moja ilitosha, na yeye alitaka nilipie betri nzima.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa na hukumu yangu mwenyewe. Nikishaikanyaga tena, nasahau.

Mwenye kuendesha baiskeli ya kawaida kwa mwendo wa kutochoka anatoa kama wati 100 hivi. Mota halali ya Ulaya inaruhusiwa kutoa nguvu endelevu ya wati 250. Fanya hesabu: mkiwa kilimani ni kama watu wawili na nusu wamejiunga nawe kwenye pedali, na hakuna hata mmoja anayekaa kwenye karia. Kile kilima nilichokuwa nakizunguka kwa njia ndefu, sasa nakipanda nimekaa, pumzi imepanda lakini haijanikata, goti kimya. Nafika ninakokwenda shati likiwa kavu. Nabeba mzigo ambao zamani ningepanda nao gari. Upepo wa mbele, ambao kila mwendesha baiskeli anaujua kuwa ni mbaya kuliko kilima kwa sababu hauna kilele, haunitishi tena.

Na wale wanaosema huo ni uvivu, waje tupande pamoja. Yangu haisogei kwa umeme usipokanyaga. Moyo unakwenda mbio, miguu inafanya kazi, na kwa sababu huogopi njia unatoka mara nyingi zaidi. Baiskeli yangu ya zamani ilikuwa imeanza kupata vumbi kwa sababu ya goti hili. Sijapanda baiskeli kwa furaha namna hii tangu nikiwa kijana. Hilo nalisema kwa dhati na silipunguzi.

Lakini kila nikifurahi namkumbuka yule kijana, na nikimkumbuka naanza kuitazama baiskeli ya kawaida kwa heshima ambayo sikuwahi kuwa nayo. Mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa baiskeli iliyoitwa Rover: magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, cheni kutoka pedali kwenda gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akasajili tairi la upepo. Chukua fundi wangu, muwekee Rover ile mbele yake, ataijua. Uwazi huo ndio mali. Kila kitu kinaonekana kwa jicho na kinafika kwa spana. Pedali ya kushoto inafungwa kwa uzi wa kinyume, na kila fundi anajua, hakuna kampuni iliyoificha. Ukinunua cheni kwa huyu na gololi kwa yule, baiskeli haikuulizi umenunua wapi.

Watanijibu kwamba baiskeli ya umeme ni teknolojia changa, tuwape muda. Sikubali. Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ya umeme ndani ya gurudumu la nyuma huko Marekani mwaka 1895, miaka kumi tu baada ya Rover. Yamaha walianza kuuza baiskeli ya kusaidiwa na umeme mwaka 1993. Huo uchanga umekwisha zamani. Kuandika "wasiliana na muuzaji" badala ya "angalia sumaku ya gurudumu la nyuma" hakuhitaji uvumbuzi wowote. Ni uamuzi. Mtu alikaa akaamua kwamba mwenye baiskeli asijue.

Betri ninaiweka kando, nisije nikaeleweka vibaya. Seli za lithiamu zikitobolewa au zikiunganishwa vibaya zinaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi, na sitaki mtu yeyote aifungue betri yake uani kwa bisibisi kwa sababu alisoma hasira zangu. Ndani yake kuna saketi ya kulinda seli zisijae kupita kiasi wala kukauka kabisa, na ikiharibika hiyo hata fundi wangu mwenye jicho kali hataiona. Hapo ndipo ninapokuwa na hofu ya kweli. Safari hii ilikuwa sumaku. Safari ijayo inaweza kuwa kitu kilicho ndani ya boksi, na nitalazimika kurudi kwenye meza ileile, kwa kijana yuleyule, na nitaambiwa tena kwamba wote tunasema hivyo.

Nimepata faraja kidogo kutoka mbali. Kanuni ya betri iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2023 inataka betri za vyombo vyepesi kama hivi ziweze kutolewa na kubadilishwa na fundi huru mwenye ujuzi, na inakataza programu kutumiwa kuzuia betri nyingine inayolingana isifanye kazi. Sehemu hiyo inaanza kutumika Februari 2027. Kwamba ilibidi sheria iandikwe ili fundi asiye wa kampuni aruhusiwe kubadilisha betri, hilo peke yake linatosha kukuonyesha biashara hii ilikuwa inaelekea wapi.

Nimewaandikia kampuni. Nimeeleza habari ya sumaku, nimetaka fomu ile yenye uongo wa maji ifutwe na dhamana yangu irudishwe, nimetaka kijana aniombe radhi. Walijibu kwa ujumbe wa kunishukuru kwa maoni yangu, wakanitakia safari njema. Nikaandika tena. Hapo ndipo wamenyamaza.

Kwa hiyo narudi kwenye neno langu la kwanza na ninalirekebisha, kwa shingo upande. Kama njia zako ni tambarare na magoti yako ni mazima, kaa na baiskeli ya kawaida, utalala usingizi. Kama una vilima, au mzigo, au goti kama langu, nunua ya umeme, ila usiangalie mota wala skrini kwanza. Nenda kwenye karakana yao kabla hujatoa pesa. Muulize fundi namba za hitilafu zina maana gani na kama atakupa orodha yake kwa maandishi. Muulize kama anapima betri na aipime mbele yako. Muulize kipuri kikikosekana utasubiri muda gani, na kama betri ya mtengenezaji mwingine itakubaliwa na mfumo. Akianza kuzungukazunguka, au akikujibu macho yakiwa kwenye simu, toka. Kuna watengenezaji wengine.

Mimi yangu siiuzi. Nilifikiria, nikaitoa hata nje kuipiga picha ya tangazo, nikaishia kuipanda. Ila kwenye karakana ile sirudi mpaka fomu ibadilishwe, na barua ya tatu nimeshaanza kuiandika.